Super Bowl ya 59, Chiefs na Eagles: maswali mnayouliza kila siku na majibu yake

Super Bowl ni fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Tangu Jumapili ile ya tarehe 26 Januari 2025, Chiefs walipomtoa Bills na Eagles walipomchakaza Commanders, maswali yanayokuja ni yaleyale, wengine wageni kabisa wanataka kujua tu tachidauni ni kitu gani, wengine wanajua mpaka namba za jezi. Nimeyakusanya humu, wiki hii ya mechi, Februari 2025, kabla haijachezwa. Kama mchezo unaujua, ruka sheria uende moja kwa moja kwenye swali la vibonge, wale wanene wa mstari wa mbele, hapo ndo penye mechi yenyewe.

Mechi ni lini na kwetu itakuwa saa ngapi?

Jumapili tarehe 9 Februari 2025, mjini New Orleans, saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za kule. Dar, Nairobi na Kampala itakuwa tayari Jumatatu tarehe 10, saa nane na nusu usiku. Goma, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura saa saba na nusu usiku, Muscat saa tisa na nusu, na ndugu zetu mlioko Minneapolis na Columbus nyie hamna kesi, mnakula zenu jioni huku mnaangalia. Mechi na haftaimu yake na matangazo yake inakaribia masaa manne, kwahiyo kwetu inaisha kwenye saa kumi na mbili asubuhi, unaoga unaenda kazini. Bosi usimwambie kitu.

Naangalia wapi?

Kule Marekani ni Fox, na mtangazaji mmojawapo ni Tom Brady, yule mwenye pete saba za ubingwa, msimu wake wa kwanza kwenye kipaza sauti. Huku kwetu NFL Game Pass ipo ndani ya DAZN, ile huduma ya kuangalia michezo mtandaoni, ukiwa na intaneti ya maana inatosha. Wenye DStv angalieni ratiba ya chaneli za michezo mapema, msisubiri saa nane usiku ndo mnaanza kutafuta rimoti.

Hizi timu zimefikaje hapa?

Kansas City Chiefs wamemaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda 15 wamefungwa 2. Mechi moja walifungwa na Bills mwezi Novemba, nyingine ni ile ya mwisho na Broncos ambayo waliweka akiba wote wakala 38-0, hiyo wala usiihesabu. Kwenye mtoano wakamtoa Texans 23-14, halafu Bills 32-29.

Philadelphia Eagles wameshinda 14 wamefungwa 3. Mtoano wakaanza na Packers 22-10, wakaja Rams 28-22 kwenye theluji inayomwagika mpaka mistari ya uwanja haionekani, halafu Commanders wakapigwa 55-23. Hamsini na tano! Hakuna timu iliyowahi kufunga pointi nyingi hivyo kwenye mechi ya ubingwa wa kanda, yaani ile kama nusu fainali.

Mi sheria sijui hata moja, nipe za kunitosha usiku mmoja.

Wachezaji 11 kwa 11. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10 (kama mita 9), ikizifikisha inapewa manne mengine, isipofikisha mpira unaenda kwa wenzao, ndo maana jaribio la nne mara nyingi wanaupiga tu mbali kwa mguu. Ukiingiza mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani ni tachidauni, pointi 6, kisha unapiga kiki ya kuongeza 1, au ukijiamini unacheza tena kutafuta 2. Ukikwama karibu unapiga mpira upite kati ya nguzo, pointi 3. Robo nne za dakika 15. Kwotabeki ni yule anayepokea mpira mwanzo na kuamua arushe, ampe mtu akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Mengine utayaelewa humohumo ndani ya mechi, usijitese.

Hawa si walishakutana?

Walikutana, Februari 2023 kule Glendale, Arizona, Super Bowl ya 57, na watu wa Philadelphia mpaka leo ukiwagusia wanavuta pumzi kwanza. Eagles waliongoza 24-14 mpaka mapumziko. Jalen Hurts, kwotabeki wa Eagles, alicheza mechi ya maisha yake, alirusha yadi 304 akafunga tachidauni tatu kwa kukimbia mwenyewe, lakini akadondosha mpira mmoja bila hata kuguswa vizuri, Nick Bolton wa Chiefs akauokota akaenda kufunga. Kipindi cha pili Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, na enka yake mbovu, akawa hazuiliki. Mwishoni beki James Bradberry akapigiwa kosa la kumshika mpokeaji, na mwenyewe baadaye alikubali kwamba alimshika, Chiefs wakachoma muda, Harrison Butker akapiga kiki zikiwa zimebaki sekunde 8. 38-35.

Sasa kuna kitu watu wanakisahau. Eagles msimu ule walikuwa wamewaangusha makwotabeki mara 70, idadi ya kutisha. Usiku ule Mahomes walimwangusha mara ngapi? Sifuri. Nyasi za pale zilikuwa zinateleza watu wanabadilisha viatu katikati ya mechi, na vibonge wa Eagles hawakupata pa kusimamia. Safari hii ni ndani ya jengo, kapeti, hakuna kuteleza.

Kwani Chiefs wakichukua kuna maajabu gani, si wanachukua kila mwaka?

Ndo maajabu yenyewe hayo. Walichukua 2023 kwa Eagles hao, wakachukua 2024 kwa 49ers 25-22 kwenye muda wa nyongeza pale Las Vegas. Hakuna timu yoyote iliyowahi kubeba Super Bowl tatu mfululizo, sio Steelers wale wa zamani, sio Cowboys, sio Patriots ya Brady. Packers walibeba ubingwa mara tatu mfululizo 1965 hadi 1967 lakini ile ya kwanza Super Bowl ilikuwa haijaanzishwa. Mahomes ana miaka 29 na hii ni Super Bowl yake ya tano, ana pete tatu. Eagles kabla ya mechi hii kwenye kabati walikuwa na moja tu, ya Februari 2018 walipomfunga Patriots 41-33.

Huyu Barkley anayeimbwa ni nani?

Saquon Barkley, mkimbiaji. Alikaa misimu sita New York Giants anaumia, anarudi, timu mbovu, hela wanasuasua kumlipa, mwisho wakamwacha aondoke na Eagles ambao ni mahasimu wao wa divisheni moja wakamchukua Machi 2024. Msimu wa kwanza tu kakimbia yadi 2,005, mtu wa tisa katika historia kufika elfu mbili. Rekodi ya msimu ni ya Eric Dickerson, 2,105, ya mwaka 1984, na Barkley alibakiza mechi moja mkononi tena dhidi ya Giants haohao, kocha akamkalisha apumzike. Mimi ningemchezesha, ila mi sio kocha.

Kwenye mtoano kaongeza 442. Kwenye ile theluji dhidi ya Rams alifunga moja ya yadi 62 na nyingine ya yadi 78, mwenzako anatembea kwa tahadhari asianguke yeye anapaa. Ukijumlisha msimu na mtoano anahitaji yadi 30 tu kuipita rekodi ya Terrell Davis ya 1998. Na tarehe 9 ndo anatimiza miaka 28, birthday yake. Beki wao kinda Cooper DeJean naye birthday yake siku hiyohiyo, anatimiza 22, kwahiyo keki zitakuwa mbili, swali ni kama zitaliwa.

Mbona kila ukiongea unataja vibonge wa mbele, kwani wao wanafunga?

Hawafungi, ila wao ndo wanaamua nani afunge. Angalia, mpira ukianza macho ya kila mtu yanamfuata Mahomes, mwenye mpira. Usimfuate. Angalia sekunde mbili za kwanza pale kwenye mstari, watano wa ofensi (upande wenye mpira) wanaomlinda dhidi ya wanne wa difensi (upande unaozuia) wanaotaka kumfikia. Hapo ndo mbivu na mbichi.

Upande wa Chiefs kuna tobo. Nafasi ya kushoto kabisa, yule anayelinda upande wa mgongoni ambao kwotabeki hauoni, wamehangaika nayo msimu mzima, wakaanza na kinda Kingsley Suamataia, akashindwa, akaja Wanya Morris, wakamsajili D.J. Humphries akaumia, mwisho wakamtoa Joe Thuney kwenye nafasi yake ya ndani wakampeleka pembeni. Thuney ni mchezaji mkubwa, hakuna ubishi, lakini ile sio nafasi yake, na kule ndani alipotoka kaingia Mike Caliendo. Umeziba tobo moja umefungua lingine.

Sasa wanaokuja kulipima ni akina nani? Jalen Carter katikati, huyo mara nyingi wanamkaba wawili na bado anapita. Pembeni yake Milton Williams, kwenye mbawa Josh Sweat na Nolan Smith. Kocha wa difensi ya Eagles ni mzee Vic Fangio, na Fangio hapendi kutuma watu wa ziada kumkimbiza kwotabeki, anatuma wanne walewale na saba wote wanabaki nyuma kuziba pasi. Hiyo ndo dawa ya Mahomes. Ukimtumia watano sita anakucheka, anajua nyuma kuna mtu kabaki peke yake. Ila wanne wakimfikia, na nyuma kote kumejaa, hata yeye ni binadamu. Ushahidi upo: Februari 2021, Super Bowl ya 55, Chiefs waliingia bila walinzi wao wawili wa pembeni, Tampa Bay wakafanya hivyohivyo, Mahomes akawa anakimbizwa uwanja mzima anarusha mipira akiwa hewani, 31-9, Chiefs hawakupata hata tachidauni moja.

Wapenzi wa Chiefs mtaniambia Mahomes hajawahi kufungwa na difensi za Fangio. Sawa, kweli rekodi ni yake. Lakini Fangio alipokuwa kocha Denver hakuwa na Jalen Carter.

Na upande wa pili Eagles ofensi yao ina ukuta, sijui niuite nini kingine. Jordan Mailata kushoto, mita mbili na kidogo, kilo zaidi ya 160, ni Mwaustralia wa Sydney alikuwa anacheza raga ya ligi, hajawahi kucheza huu mpira hata siku moja mpaka Eagles wakamchagua raundi ya saba mwaka 2018. Kulia Lane Johnson, mkongwe. Barkley anakimbia vizuri, ndio, lakini rudia zile mbio zake ndefu uone mlango ulivyofunguliwa kabla hajaguswa na mtu.

Kwahiyo Chiefs difensi yao mbovu?

Nani kasema! Steve Spagnuolo, kocha wa difensi yao, ni mchawi wa dakika za mwisho. Yeye ni kinyume cha Fangio, anatuma watu kutoka pembe usizozitegemea. Bills walikuwa na jaribio la nne, wanahitaji yadi tano tu mechi iendelee, Spagnuolo akamwaga watu, kwotabeki wao Josh Allen akarusha huku anaanguka, mpira ukadondoka, kwisha. Ana Chris Jones katikati ambaye peke yake anaweza kukuharibia usiku, na Trent McDuffie pembeni. Watakachofanya nadhani ni kuujaza mstari wa mbele kumzuia Barkley, halafu wamwambie Hurts haya, tufunge kwa mkono wako. Ni mpango mzuri. Tatizo wapokeaji wa Eagles, A.J. Brown na DeVonta Smith, wapo.

A.J. Brown si ndo yule anasoma kitabu kwenye benchi?

Ndo huyohuyo, kwenye mechi ya Packers kamera zilimnasa anasoma katikati ya mtoano. Mwenyewe kasema ni kawaida yake, inamtuliza. Siku hiyo alipata pasi moja tu kwahiyo muda alikuwa nao.

Hurts anatosha kweli? Naona watu wanamponda.

Wanamponda kwa sababu harushi yadi mia tatu kila wiki. Haitajiki arushe. Ana Barkley. Desemba aliumia kichwa dhidi ya Commanders akakosa mechi za mwisho, karudi mtoano hajarusha hata pasi moja ikadakwa na mpinzani, na kwenye fainali ya kanda kafunga tatu kwa kukimbia. Ukiniuliza nani bora kati yake na Mahomes nitakwambia Mahomes bila kufikiri, hilo halina mjadala, ila timu hazichezi mmoja kwa mmoja.

Ile ya kusukumana mgongoni inaruhusiwa?

Kwa sasa inaruhusiwa. Hurts anachukua mpira, wenzake wawili watatu wanamsukuma kwa nyuma, yadi moja inapatikana karibu kila mara. Timu nyingine zinailalamikia sana lakini zikijaribu zenyewe zinashindwa. Kwahiyo ukiona Eagles wamebakiza yadi moja kwenye jaribio la tatu au la nne, hesabu wameshapata.

Ni kweli marefa wanaibeba Chiefs?

Hili swali ndo linaongoza kwa wingi na linaongoza kwa matusi. Kilichotokea ni kwamba kwenye mechi ya Texans kuna makosa mawili walipigiwa mabeki wa Houston kwa kumgusa Mahomes ambayo hata wachambuzi wa pale walishangaa, na kwenye mechi ya Bills, Allen alisukuma katikati kutafuta yadi moja kwenye jaribio la nne Bills wakiwa mbele 22-21, marefa wakasema hajafika, picha zikarudiwa, wakasisitiza hajafika. Wengi waliona kafika. Kamishna wa NFL Roger Goodell kaulizwa kasema hizo ni nadharia za kipuuzi.

Mimi maoni yangu timu inayoshinda kila mwaka lazima utaona makosa yanayoipendelea maana mechi zake zote kubwa unaziangalia, za wengine huangalii. Msimu huu mechi zote zilizoamuliwa kwa tofauti ndogo Chiefs walishinda, zote, moja wakiokolewa kwa kuzuia kiki ya Broncos sekunde ya mwisho. Refa mkuu Jumapili ni Ron Torbert. Jina hilo mtalitaja sana Jumatatu, kwa wema au kwa ubaya.

Kocha wa Chiefs ana historia gani na Philadelphia?

Andy Reid alikuwa kocha wa Eagles kuanzia 1999 hadi 2012, misimu 14, akawafikisha Super Bowl moja wakafungwa na Patriots. Akaenda Kansas City na alipofika tu akapangua benchi la ufundi alilolikuta, na mmoja wa waliokosa kazi alikuwa kijana anaitwa Nick Sirianni. Leo Sirianni ndo kocha mkuu wa Eagles. Spagnuolo naye alikuwa msaidizi wa Reid palepale Philadelphia. Yaani hawa watu wanajuana mpaka vikombe vya chai.

Na Taylor Swift?

Atakuwepo, mpenzi wake Travis Kelce anachezea Chiefs. Kaka yake Kelce, Jason, alikuwa kibonge wa katikati wa Eagles kwa misimu 13, kastaafu Machi 2024, mwaka ule wa 2023 ndugu hawa walicheza fainali wakiwa wapinzani na mama yao akavaa nguo yenye timu zote mbili. Tuendelee.

Nani majeruhi?

Chiefs wanamkosa mpokeaji Rashee Rice, goti, tangu mwanzo wa msimu, ndo maana kinda Xavier Worthy kabeba mzigo. Eagles wanamkosa Nakobe Dean, kaumia goti kwenye mechi ya Packers. Cam Jurgens wa katikati mgongo unamsumbua, huyo mfuatilie mpaka dakika ya mwisho. Mzee Brandon Graham alichanika msuli wa mkono Novemba kila mtu akajua basi, kumbe karudi mazoezini.

Uwanja wenyewe ukoje?

Caesars Superdome, wazee wanaujua kama Superdome tu, upo tangu 1975 na hii ni Super Bowl ya nane kuchezwa humo ndani. Ndo ule uliohifadhi maelfu ya watu wakati wa kimbunga Katrina 2005. Na Super Bowl ya 2013, Ravens na 49ers, umeme ulikatika humo kipindi cha pili, mechi ikasimama dakika 34. Kwahiyo mkisikia mtu anatucheka sisi na mgao, mkumbusheni. Ulinzi safari hii ni mkali sana kwa sababu ya shambulio la gari Bourbon Street usiku wa mwaka mpya lililoua watu 14, sio mbali na hapo.

Haftaimu nani anaimba?

Kendrick Lamar, na SZA kama mgeni wake. Kendrick kazoa Grammy tano Jumapili iliyopita, kwahiyo anapanda jukwaani kidevu juu. Kwetu itakuwa kwenye saa kumi alfajiri, msiotaka mpira wekeni alamu hapo.

Kuna mtu wa kwetu amewahi kucheza huu mpira?

Yupo, Daniel Adongo, mraga wa Kenya, Indianapolis Colts walimchukua 2013 akiwa hajawahi kuvaa zile kofia. Hakudumu sana ila aliingia uwanjani kwenye mechi za ligi. Na 2023 NFL walikuja kufanya kambi ya vijana Nairobi. Ule wa bendera, usio na kugongana, unaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwahiyo walimu wa michezo shuleni kazi kwenu.

Haya sema, nani anabeba?

Eagles. Mabuki, wale wa kampuni za kubeti, wanawapa Chiefs faida isiyofika hata pointi mbili, na hiyo faida naona ni ya jina la Mahomes zaidi kuliko ya timu. Nasema Eagles 27, Chiefs 20. Kitakachonifanya niogope ni mechi ikifika dakika mbili za mwisho Chiefs wapo nyuma kwa pointi tatu nne na mpira wanao wao, hapo sina utabiri tena. Kwahiyo Eagles wanatakiwa wasiiache ifike huko.

Nitengenezee mkeka basi.

Sitengenezi mkeka wa mtu. Ukichanika utanitafuta mimi.